Macho ya Mama Lasti

Siku Jero Mangku alipotuletea ile habari, nilikuwa nimepiga magoti barazani nasugua kitambaa kwa kauri, lile ganda la baharini. Kazi hiyo haitaki haraka. Kitambaa kikishachovywa kwenye uji wa mchele na kukauka juani, hukakamaa kama ngozi ya samaki mkavu, na ni lazima ukisugue kwa kauri, sehemu kwa sehemu, mpaka kilainike na kuanza kung'aa kidogo. Usipofanya hivyo, kitambaa hunywa rangi na mistari huvuja.

"Dadong Sasih!" aliita kutoka langoni. Ndivyo ninavyoitwa mtaani, bibi yake Sasih. "Panya wametushinda."

Huyo kuhani wetu ni mtu wa utani hata akiwa na huzuni. Alikuwa amebeba begani pazia la hekalu la mpunga, lile refu linalozungushwa chini ya paa siku za sikukuu. Alipolitandaza mbele yangu niliona mashimo yanayopitisha ngumi. Dewi Sri, mama wa mpunga, alikuwa amebaki na taji na miguu tu. Katikati ameliwa. Pazia hilo lilichorwa na baba mkwe wangu, na wekundu wa pindo niliutia mimi, nikiwa bibi harusi ninayeogopa hata kukohoa mbele ya wakwe.

"Sikukuu inakaribia," alisema Jero Mangku. "Nataka jipya. Na nataka litoke kwenye baraza hii hii."

Shemeji yangu Kirna alikuwa ameegemea nguzo yake ya siku zote. Watoto wote wa mtaa humwita Pekak, babu yao. Tangu mume wangu afariki, mistari yote iliyotoka nyumbani kwetu ilikuwa ya mkono wake, lakini sasa ukungu umeingia machoni mwake.

"Mimi nikichora farasi leo, mtamfunga kamba mkidhani ni mbuzi," alisema. "Achore Sasih."

Mjukuu wangu alikuwa kisimani akiosha brashi. Niliona mgongo wake ukinyooka.

"Atachora, au atapiga picha?" Jero Mangku aliuliza huku akicheka.

"Muulize mwenyewe. Ana masikio makubwa, kayarithi kwangu."

Utani ule ulikuwa na sababu. Nyumbani kwetu wanaume huchora mistari na sisi wanawake hutia rangi, lakini Sasih tangu mdogo alitaka mistari. Alikuwa akichora majogoo kwa mkaa kwenye ngazi, mimi nafuta, yeye anachora tena, mpaka siku moja Pekak alimkalisha kando yake na kumpa kalamu yake mwenyewe ya mwanzi. Alikata mwanzi mwingine akaendelea na kazi. Mpaka leo nikimwona Pekak amekasirika kwa jambo dogo, nakumbuka siku ile, namsamehe.

Baadaye msichana alikwenda Yogyakarta kusomea uchoraji. Aliporudi alikuja na picha za kushangaza. Alinichora namenya vitunguu saumu, na nilipoiona mikono yangu kwenye ile picha nilijikuta nimeificha ile ya kweli nyuma ya mgongo, maana sikujua kuwa imezeeka hivyo. Kulikuwa na kivuli chini ya kidevu, na jasho juu ya mdomo. Ungesema nitageuka nikuombe chumvi.

Lakini walimu wake kule walimwambia: mkono wako ni mzuri sana, ila hatuoni umetoka wapi. Naye aliporudi hapa, jirani yetu Mama Lasti alisimama mbele ya picha, mikono kiunoni, akasema, "Mbona simu yangu inafanya hivi mara moja tu, tena hainikatazi kujikuna?"

Watu walicheka, na Sasih alicheka nao. Mimi niliyemlea niliona kuwa kicheko chake hakikufika mbali.

Basi kuna hoteli moja huko Sanur iliyomtaka akawachoree wageni machweo na maua ukutani. Alikuwa hajawajibu. Jioni ile Jero Mangku alipoondoka, Sasih alinifuata jikoni, akachuchumaa karibu na moto.

"Dadong, hili pazia nalitaka mpaka tumbo linauma. Nataka kuchora kama Pekak, na nataka kuchora kama mimi, vyote kwenye kitambaa kimoja. Wakilipandisha hekaluni, nitajua nina pa kukaa. Wakilikataa, naenda Sanur. Nitachora machweo mpaka nizeeke, na kitambaa chetu sitakigusa tena."

"Kula kwanza," nilimwambia. Nilikuwa nimeona macho yake yanavyowaka.

Kesho yake alitueleza alichokusudia. Dewi Sri angekaa katikati kama alivyokaa daima, mwembamba, na taji lake, na vidole vyake virefu, kila mstari kama wazee walivyouacha. Lakini wanaomjia kutoka mashambani na mzigo wa mavuno, badala ya wale watu wa zamani wasio na jina, wangekuwa ni sisi, watu wa mtaa wetu na sura zetu.

Pekak aliuliza, "Utaandika majina?"

"Hapana. Watajulikana."

"Na mimi nimo?"

"Umo. Umelala chini ya nguzo."

Alicheka mpaka akaonyesha fizi zote. "Hapo hata mimi kipofu nitajitambua!"

Habari ilienea kabla chungu cha wali hakijaiva. Sasih akawa anazunguka mtaani na karatasi na kipande cha mkaa, na kila alipopita watu walikumbuka kuchana nywele. Baba Gedah, ambaye maisha yake ni majogoo wa kupigana, alikuja mwenyewe na jogoo wake mwekundu kwapani.

"Huyu akae mbele," alisema. "Mimi hata ukinichora kisigino tu, sawa."

"Baba Gedah, hili ni pazia la hekalu, si tangazo la mchezo."

"Kwani Dewi Sri hapendi kuku?"

Mama Lasti naye alifika amejipaka poda, amevaa blauzi ya lesi ya sikukuu na ua sikioni. Huyu anauza nazi sokoni, ana mabega ya mwanamume na macho makubwa kuliko ya mtu yeyote mtaani. Akikutazama unajisikia umeulizwa swali.

"Mama, nakutaka na nazi zako kichwani, na lile taulo la bluu," Sasih alimwambia.

"Taulo! Mbele ya miungu!"

"Ndivyo wanavyokufahamu. Kila siku unapita mbele ya hekalu na hilo taulo."

Mama Lasti alifikiri. "Basi nilifue kwanza," alisema, akaenda kulifua kweli, akarudi nalo bado linadondoka maji.

Siku zile nilihisi kama mtoto aliyeahidiwa keki za mchele. Kazi ya rangi tuliifanya pamoja. Nyekundu tuliisaga juu ya jiwe, nyeusi ni masizi ya taa, bluu ni nili, manjano ni udongo, na nyeupe hutoka kwenye mifupa iliyochomwa ikasagwa mpaka iwe kama unga wa mtoto. Jambo moja nilimwonyesha. Tunapochora mawingu, huwa tunaweka nili nyepesi sana, inakauka, tunaongeza nyingine juu yake, mpaka wingu linatoka kwenye weupe polepole bila kuonekana limeanzia wapi. Sasih alitazama, halafu akachukua rangi ya ngozi, akafanya hivyo hivyo kwenye shavu la Mama Lasti. Tabaka juu ya tabaka, kwa subira. Shavu likavimba. Likawa shavu!

"Dadong! Hiki ndicho walichonifundisha Yogya kwa rangi za mafuta, na wewe ulikuwa nacho kwenye mawingu miaka yote!"

"Sikujua kama kinafaa mashavuni," nilisema, na ilikuwa kweli. Kama si yeye, ningekufa nikitia mawingu tu.

Nyumbani kwetu macho huwekwa mwisho. Anayeyaweka hutoa sadaka ndogo asubuhi, kisha hukaa peke yake, na wengine wote hutoka. Basi asubuhi hiyo Pekak alikwenda kwa Baba Gedah kusikiliza majogoo, nami nikaenda sokoni kutafuta majani ya ndizi. Nilikwenda nikiimba.

Niliporudi, ua ulikuwa umejaa watu. Mama Lasti alikuwa amechungulia juu ya ukuta, akaona Sasih ameweka brashi chini, akapiga kelele mtaa mzima kuwa tumefunguliwa macho. Nilitegemea kusikia vicheko. Nilisikia kimya. Nilipenya katikati ya watu, nikaona.

Sasih alikuwa amewawekea macho yao. Macho ya kweli, ya duara, yaliyo wazi, yenye nukta ya mwanga, kama alivyoyaona watu walipokuwa wamekaa wakimtazama na karatasi yake.

Sasa, hapa kwetu mtoto hujua jambo hili kabla ya kujifungia kitambaa chake mwenyewe kiunoni. Kwenye mapazia ya hekalu, miungu na watu wa moyo mzuri wana macho membamba kama jani la mpunga. Macho ya duara ni ya mazimwi. Sasih analijua kuliko wote, lakini alikuwa amejiambia kuwa sheria ile ni ya watu wa hadithi, si ya Mama Lasti wa nazi. Na sasa Dewi Sri alikuwa ameketi katikati na macho yake membamba ya upole, na kutoka pande zote mbili mtaa mzima unamjia umetumbua macho, kama tunakwenda kumla.

Baba Gedah ndiye aliyevunja kimya. "Mama Lasti, mbona umekuwa zimwi? Na nazi zenyewe zinafanana na vichwa vya watu!"

Wengine wakacheka, na hicho kicheko ndicho kilichomwasha.

"Mimi!" Mama Lasti aligonga kifua. "Mimi niliyekubeba mgongoni ukiwa na homa, Sasih! Mimi niliyefua taulo!"

"Lakini mama, ndiyo macho yako. Tazama. Ni yako kabisa."

"Nyumbani kwangu ni macho yangu. Hekaluni ni ya zimwi! Wageni wa mtaa wa pili watakuja kusali, wataniona nimesimama mbele ya Dewi Sri na meno tayari!"

"Sijakuchora meno..."

"Macho yanatosha!"

Ndipo nilipomwona Jero Mangku langoni. Angeweza kusema hapo hapo, mbele ya wote, na neno lake lingemaliza mambo. Lakini alisema tu, "Dadong Sasih, nina kiu. Una kahawa?" Kisha akawageukia watu. "Nasikia kahawa ni ya kikombe kimoja. Ninyi nendeni mkanywe kwenu."

Wakatoka. Aliketi ukingoni mwa baraza, akainywa ile kahawa ya moto kidogo kidogo, mvuke ukimpanda usoni, akamwachia mtoto muda wa kufuta machozi bila kutazamwa. Nimepokea zawadi nyingi katika maisha yangu, lakini kikombe kile nakihesabu miongoni mwa kubwa.

"Mwanangu," alisema mwishowe, "naona mkono wako ulichofanya. Ningeweza kumpa Mama Lasti salamu pale kitambaani. Lakini watu wakiinua nyuso wakati wa sala hawataona majirani, wataona mazimwi. Siwezi kulipandisha hivi. Siku ya kupamba hekalu nitapita asubuhi. Nikikuta limepona, nitalibeba mwenyewe. Nikikuta liko hivi, nitapandisha lile la zamani na mashimo yake."

Alipoondoka, Sasih alichukua karatasi akamchora Mama Lasti upya, macho membamba kama ya kina dada wa kwenye hadithi. Alichora vizuri. Alitokea mwanamke mzuri, mpole, asiyejulikana.

"Huyu nani?" aliniuliza.

Sikuweza kumdanganya. "Simjui."

"Nikiyafinya, wanapotea. Nikiyaacha, wanakuwa mazimwi. Nitafanya nini, Dadong?"

Nilimshika mgongo tu. Kesho yake alfajiri nilimkuta ameanza kufunga brashi zake kwenye kitambaa, moja moja, kama mtu anayelaza watoto. Simu yake ilikuwa kando, na jina la bwana wa ile hoteli ya Sanur lilikuwa limefunguliwa. Nilikwenda kupepeta mchele nje ili asinione uso.

Hapo ndipo Mama Lasti alipoingia. Alikuwa amenuna mpaka shingoni, na mkononi ana bakuli la mchuzi wa nangka, yaani fenesi changa, ule anaoupika kwa nazi yake mwenyewe na ambao Sasih anaupenda tangu hana meno. Aliliweka kwenye ngazi kwa kishindo.

"Hiki si cha Sasih," alitangaza. "Ni cha Dadong. Sasih akila, ni bahati mbaya yangu."

"Ahsante, Mama Lasti," nilisema.

"Sikuja kwa ajili ya ahsante."

Lakini hakuondoka. Alisimama akitazama pazia kwa pembe ya jicho. Pekak naye alikuwa ameamka, na kwa kuwa haoni mbali alikuwa ameinama juu ya kitambaa, pua yake karibu iguse rangi, anapita taratibu kutoka mtu hadi mtu. Alipofika kwa Mama Lasti wa kitambaani alisimama, akavuta pumzi.

"Ajabu," alisema. "Zimwi hili linanukia nangka."

Mama Lasti aliuma midomo. Alitazama juu. Alitazama chini. Mabega yakaanza kutikisika, na mara kicheko kikamtoka kama maji ya mfereji yaliyofunguliwa, mpaka akashika nguzo. "Mzee mwovu wewe! Nangka! Loo, mbavu zangu!"

Nilisikia brashi zikimwagika sakafuni.

"Usiache!" Sasih alipiga kelele. "Mama Lasti, usiache kucheka!"

"Sasa nitachekaje kwa amri?" Mama Lasti alisema, na hilo likamchekesha zaidi.

Sasih hakutafuta karatasi. Alinyakua mkaa, akapiga magoti, akachora pale pale sakafuni nilipokuwa nimetoka kufagia. Nilisogea nitazame. Alikuwa ni Mama Lasti. Mabega yake, pua yake, kidevu chake mara mbili. Na macho yale makubwa yanayouliza maswali yalikuwa yamefungwa na kicheko yakabaki mistari miwili inayopanda, myembamba, myembamba kama majani mawili ya mpunga.

"Yanafinyika yenyewe!" Sasih alikuwa amenishika mabega yote mawili, mkaa umenijaa. "Dadong, yanafinyika yenyewe! Sikuhitaji kuwabadilisha. Nilihitaji kungoja!"

Mama Lasti aliinama akajitazama sakafuni, bado anapangusa machozi. "Ee," alisema kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Kumbe nina macho ya binti mfalme."

"Ukiwa umefunga mdomo, hapana," alisema Pekak.

Basi mbio zikaanza. Sasih alitoka nje hata bila viatu, na Mama Lasti akamfuata, maana sasa jambo lilikuwa lake. Walimkuta mke wa Jero Mangku anapuliza moto, amefinya macho kwa moshi, wakamchukua hivyo. Walimkuta mzee wa mifereji, mgawaji wa maji ya mashamba, akitazama maji huku jua likimpiga usoni. Walimkuta binti wa jirani ameinama mbele ya kimadhabahu cha nyumbani kwao, ananyunyiza maji, kope zimeshuka. Sasih alisimama mlangoni bila kupumua mpaka binti akamaliza. Kila mtu alikuwa na wakati wake, wa kicheko au moshi au jua au sala.

Baba Gedah peke yake aliwasumbua. Jogoo wake mwekundu alikuwa ameuawa pambanoni siku iliyotangulia, na hakuna utani uliomgusa. Mama Lasti alijaribu yote. Mwisho alichoka, akakaa chini kando yake, akamshika mkono. "Alikuwa jogoo mzuri, Baba Gedah."

Baba Gedah alifumba macho nusu, akaitikia kwa kichwa, akatabasamu kidogo sana. "Alikuwa mzuri," alisema. Sasih alichora hicho.

"Lakini jogoo wangu wa kitambaani," Baba Gedah aliongeza Sasih alipokuwa akiondoka, "usimguse macho. Mwache na duara zake. Yeye alikuwa zimwi kweli."

Iliyobaki ilikuwa kazi, na ilikuwa ya kutisha. Jicho lililokwisha kuchorwa halifutwi. Tulilikwaruza kidogo kidogo kwa ukingo wa kauri, Sasih upande mmoja nami mwingine, kisha tukafunika kwa nyeupe ya mifupa. Nyeupe ikiwa nzito, ikikauka hupasuka na kudondoka. Kwa hiyo nilisaga tena, na tena, mpaka ikawa kama vumbi la nondo, tukaiweka nyembamba, tukangoja, tukaongeza. Sasih alitaka haraka. Kila mara nilimwambia, "Ngoja," naye akangoja, akitembea ua mzima kama kuku anayetaka kutaga.

Mvua ilikuja katikati. Kabla sijapata kuita mtu, Mama Lasti alikuwa amekwisha kufika na turubai la gari lake la nazi, na Baba Gedah ameshika ncha ya pili, wakasimama pembeni mwa baraza wakikinga matone ya upepo, wameloa hadi mifupani. "Chora, chora," Mama Lasti alisema. "Sisi hatutiwi rangi."

Safari hii Sasih hakutaka kuyaweka macho peke yake. Alitoa sadaka yake, akatuomba tukae. Pekak alimshikia kibakuli cha wino wa masizi, kwa mikono miwili, kama anavyoshika kitu kitakatifu. Nilimwona mjukuu wangu akivuta pumzi, akiweka mstari mmoja, kisha wa pili, na Mama Lasti akacheka kitambaani.

Asubuhi ya kupamba hekalu Jero Mangku alikuja mapema. Sasih alijificha nyuma ya jiko. Mimi nilibaki barazani na vidole vyangu vilivyojaa nyeupe ya mifupa na nili, nikijifanya napanga maua.

Kuhani alianzia mwanzo wa pazia, ameinama, mikono nyuma. Alipita mke wake na moshi, akasema "Mh!" Alipita mzee wa mifereji. Alipita Mama Lasti akasimama hapo muda. Alimpita Dewi Sri kwa heshima, akaenda upande wa pili, karibu na mwisho, na hapo akaganda.

Pale alikuwepo yeye mwenyewe. Sasih hakuwa ametuambia; alimwongeza usiku tukiwa tumelala. Ameketi ukingoni mwa baraza, kikombe mdomoni, na macho yamefinywa na mvuke wa kahawa.

"Huyu," Jero Mangku alisema, akasafisha koo, "huyu anakunywa kahawa ya siku ile."

"Ndiyo, Jero," nilijibu.

"Aliniona?" Alikuwa akitazama mlango wa jiko. "Nilidhani analia."

"Alikuwa analia. Na alikuona."

Alivua kilemba chake, akakifunga upya ingawa kilikuwa kimekaa sawa, kisha akaanza kulikunja pazia kutoka ncha moja kwa uangalifu, akaliweka begani. Lilikuwa zito, naye si kijana. "Sasih!" aliita. "Toka huko nyuma ya kuni. Shika upande ule. Kwani nitalibeba peke yangu?"

Alitoka na majivu puani, anakimbia.

Mchana ule kengele kubwa za shaba zilipoanza kulia, pazia lilikuwa limezunguka paa lote la hekalu, na upepo ulipolipitia watu wote waliochorwa walitikisika kama kweli wanatembea. Sijaona hekalu likiwa na shingo nyingi hivyo zilizonyooka. Kila mtu anatafuta wa kwao. Mama Lasti alisimama chini ya Mama Lasti tangu mwanzo, amevaa lesi yake, na wageni wa mtaa wa pili walipopita aliwazuia.

"Yule ni mimi."

Mgeni mmoja alitazama juu, akamtazama yeye. "Yule? Mbona ana macho mazuri hivyo?"

"Ni haya haya," Mama Lasti alisema. "Ila sionyeshi kila mtu."

Halafu ukafika wakati wa sala. Jero Mangku alipita kati yetu akinyunyiza maji, na kama upepo unavyolaza mpunga, watu waliinamisha nyuso, safu kwa safu. Nilipoinua kichwa changu kidogo, Sasih alikuwa amekishika kitambaa cha kiuno changu kama alivyokuwa akifanya utotoni. Alikuwa anawatazama watu, kisha pazia, kisha watu. Kope zote zimeshuka. Chini na juu tulikuwa ni wale wale.

"Inama," nilimnong'oneza.

Aliinama, nikaona na macho yake yakifinyika, yakavuja.

Siku iliyofuata nilimkuta uani ameinjika chungu kikubwa, anakoroga uji wa mchele, na kando yake kuna kitambaa kipya kinachongoja kuchovywa. Simu ikalia juu ya ngazi. Pekak aliisogeza kwa kidole cha mguu mpaka ikamfikia. Sasih alitazama jina, akaibonyeza kwa kiwiko.

"Ndiyo, bwana. Ndiyo, nilipata ujumbe wako." Alikuwa bado anakoroga. "Samahani sana, lakini siwezi kuja. Hapana, si hilo. Mikono yangu imejaa uji."

Kisha akanigeukia. "Dadong, uwe mzito kiasi gani?"

Nilichungulia chunguni. "Ongeza mchele kidogo," nilimwambia, nikaenda kutafuta kauri yangu.